Rupia, Florini na Shilingi ya Simba: Mwongozo wa Kutambua na Kuthamini Sarafu za Fedha za Zamani Nchini Uganda

Kopo lilikuwa la maziwa ya unga, na kifuniko chake kilikuwa kimeshikwa na kutu hata ikabidi tukibandue kwa kisu. Shangazi yangu wa Bombo alilimimina juu ya mkeka, akatenga upande mmoja shilingi kumi na nne kubwa zenye simba, na upande wa pili akasukuma kwa kidole visarafu vitatu vidogo vilivyopauka. “Hizi kubwa ndizo za kuuza, mwanangu,” akaniambia. “Hivi vidogo wape watoto wachezee.” Tulipozipima jioni ile ilibainika kwamba, katika zile shilingi kumi na nne, nane hazikuwa na fedha hata chembe, na sita zilizobaki, zikijumlishwa zote, hazikufika gramu 12 za fedha halisi. Vile visarafu vitatu, ambavyo vilikuwa vya senti 50 vya mwaka 1906 na 1912, vilikaribia gramu 14.

Kosa la shangazi ni la watu wengi, na chanzo chake kwa sehemu ni lugha yetu wenyewe. Neno fedha hutaja madini na pia hutaja pesa, kwa hiyo mtu akiona pesa ya zamani iliyo nyeupe huichukulia kuwa ni madini ya fedha bila kuuliza zaidi. Ukweli ni kwamba tangu enzi za misafara hadi kufikia katikati ya karne ya 20, mikononi mwa watu wa Uganda zilipita sarafu za viwango vitano vya fedha: sehemu 917 kati ya 1,000, 833, 800, 500 na 250; na baada ya hapo zikaja zilizofanana nazo kwa sura lakini zisizo na fedha kabisa. Ukubwa hausemi lolote juu ya jambo hilo, na umri husema kidogo tu. Kinachosema ni maandishi ya sarafu pamoja na mizani, na ni vizuri viulizwe kwa utaratibu huo: maandishi kwanza, mizani baadaye, bei mwisho.

Hatua ya kwanza: usisugue

Kabla ya jambo lolote lingine, iache sarafu na weusi wake. Weusi unaoonekana juu ya fedha si kutu ya kula chuma. Ni utando mwembamba unaotokea fedha inapokutana na salfa iliyomo hewani, hasa katika nyumba zinazopikia kuni. Utando huo ukiondolewa kwa kusugua, huondoka pamoja na ngozi ya juu ya sarafu, na mikwaruzo midogo inayobaki huonekana wazi chini ya kioo cha kukuzia. Haya nayaandika kwa uchungu. Nilipokuwa mvulana niliichukua rupia ya Malkia Victoria iliyokuwa ya babu, nikaisugua kwa majivu na ndimu mpaka ikang’aa kama kijiko kipya, nikampelekea nikitarajia sifa. Miaka mingi baadaye mkusanyaji mmoja aliitazama kwa kioo chake kwa muda usiozidi nusu dakika, akairudisha mezani, akasema kwamba ataichukua kwa uzito wa madini tu.

Ikiwa sarafu ina udongo, iloweke katika maji safi kwa saa kadhaa, kisha iweke juu ya kitambaa cha pamba ikauke yenyewe. Dawa ya meno, waya wa kusugulia sufuria, siki na soda ya kuokea vyote viachwe jikoni.

Hatua ya pili: vifaa

Vifaa vinavyohitajika ni vichache, na kimoja tu ndicho cha kununua kwa makini, nacho ni mizani ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, kama ile inayotumiwa na masonara. Mizani ya jikoni haifai, kwa kuwa haiwezi kutofautisha gramu 11.66 na gramu 12. Ongeza kioo cha kukuzia mara kumi, sumaku, rula yenye milimita, kikombe cha plastiki, uzi mwembamba na daftari. Fanya kazi juu ya meza iliyotandikwa kitambaa, na uishike sarafu kwa ukingo wake, si kwa nyuso zake, kwa sababu jasho la vidole huacha alama.

Hatua ya tatu: soma sarafu

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na mtu aliyesoma sarafu vizuri huwa amemaliza zaidi ya nusu ya safari kabla hajawasha mizani. Andika katika daftari mambo manne: jina la nchi au kampuni iliyoitoa, jina la mtawala, mwaka, na herufi yoyote ndogo iliyosimama peke yake karibu na mwaka au chini ya picha, kwa kuwa herufi hiyo mara nyingi hutaja kiwanda kilichoipiga. Kwa sarafu za Afrika Mashariki, H ni kiwanda cha Heaton cha Birmingham, KN ni King’s Norton, jirani yake, I ni Bombay, na SA ni Pretoria.

Sarafu ya fedha ambayo huenda ukaikuta katika makopo na masanduku ya zamani ya Uganda ni rupia ya India. Ilikuja na wafanyabiashara wa pwani, ikazidi kuenea wakati wa ujenzi wa reli ya Uganda, iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na kufika ukingoni mwa Ziwa Victoria mwaka 1901, kwa kuwa ndiyo waliyolipwa vibarua wake. Rupia za Victoria za hadi mwaka 1876 zina maneno VICTORIA QUEEN, na zile za kuanzia 1877 zina VICTORIA EMPRESS, kwa sababu alikuwa amejitwalia cheo cha Kaizari wa India. Usishangae ukiona kwamba rupia nyingi zina mwaka 1862, kwani mwaka huo uliendelea kuchapwa bila kubadilishwa kwa zaidi ya miaka kumi. Edward VII, aliyefuata, yuko kichwa wazi, na George V anavaa taji.

Kuhusu George V kuna jambo linalofaa kuangaliwa kwa kioo. Katika rupia ya mwaka 1911 mfalme amevaa joho lenye mnyama mdogo kifuani, na mnyama huyo alikusudiwa kuwa tembo. Lakini mkonga ulichorwa mfupi, miguu mifupi, na Waislamu wa India wakaona nguruwe. Malalamiko yakawa makubwa, sehemu kubwa ya rupia hizo ikayeyushwa bila kutolewa, na kuanzia mwaka 1912 tembo akachorwa upya, mkonga ukaonekana. Kwa hiyo rupia ya 1911 ina thamani inayozidi ile ya 1912 ingawa fedha iliyomo ni ileile. Rupia moja ya kopo la shangazi ilikuwa ya 1911, naye alipoona mnyama huyo chini ya kioo alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama bado inafaa kuhifadhiwa pamoja na tasbihi.

Rupia za George VI zinahitaji tahadhari. Zile za 1940 hadi 1945 zina nusu tu ya fedha, na zile za 1947 ni nikeli tupu, kwa hiyo hushikwa na sumaku. Nyingi kati ya hizi katika familia za wanajeshi zilirudi na askari wa King’s African Rifles waliopigana Burma katika vita vya pili vya dunia, kwa hiyo ukizikuta katika sanduku moja na medali, usizitenganishe.

Zipo rupia mbili nyingine zenye uzito na kiwango sawa na ile ya India lakini zinazotafutwa zaidi. Ya kwanza ilitolewa na kampuni ya Imperial British East Africa Company mwaka 1888, ina neno MOMBASA na picha ya mizani ya haki, na chini yake neno la Kiarabu lenye maana ya uadilifu. Ya pili ni rupia ya Wajerumani, iliyovuka mpaka kutoka upande wa Bukoba. Picha yake ni ya Kaizari Wilhelm II aliyevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, na hadi mwaka 1902 upande wa pili una simba na mnazi. Wajerumani walipiga pia rupia mbili katika sarafu moja kubwa, ya mwaka 1893 na 1894. Ukiikuta, acha kusoma hapa uende moja kwa moja kwenye hatua ya mwisho, kwa maana hiyo si sarafu ya kuzungushwa mikononi.

Kisha vinakuja vile visarafu vya shangazi. Kuanzia mwaka 1906 serikali ya kikoloni ilitoa senti 25 na senti 50 za fedha zenye simba aliyesimama mbele ya milima, na maneno EAST AFRICA & UGANDA PROTECTORATES. Rupia yenyewe iliendelea kuwa ya India; hizi zilikuwa vipande vyake tu, baada ya rupia kugawanywa katika senti 100 badala ya ana na pesa, vipande vya zamani vya rupia ya India. Nazipenda kuliko sarafu zote nilizowahi kushika, kwa kuwa jina la Uganda limo juu ya fedha yenye kiwango cha 800. Watu huzidharau kwa udogo wao, na wengine hudhani kwamba ni senti kama senti zile za shaba zenye tundu.

Baada ya vita vya kwanza vya dunia bei ya fedha ilipanda sana, rupia ikapanda nayo dhidi ya pauni, na serikali ikaamua kuachana na rupia. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwishoni mwa mwaka 1919, ikaleta florini ya mwaka 1920, sawa na shilingi mbili za Kiingereza, yenye fedha nusu kwa nusu. Florini haikudumu, na mwaka uliofuata shilingi ya Afrika Mashariki ikachukua nafasi yake. Florini yenye mwaka 1920 hupatikana, lakini yenye mwaka 1921 ni adimu mno, na kwa sababu hiyo hiyo ndiyo inayoghushiwa kwa kubadilisha tarakimu ya mwisho. Itazame tarakimu hiyo kwa kioo: ikiwa imekaa juu ya uso wa sarafu kama iliyobandikwa, au pembeni yake pana mikwaruzo ambayo haipo kwingine, usiamini.

Shilingi yenye simba, ambayo kila mzee wa Uganda anaikumbuka, ilikuwa na robo tu ya fedha kuanzia mwaka 1921 hadi 1946. Kuanzia mwaka 1948 ikawa ya shaba na nikeli, bila fedha, huku simba akibaki palepale. Njia ya haraka ya kuzitenganisha, ikiwa mwaka umefutika, ni kusoma maandishi yanayouzunguka uso wa mfalme: kabla ya uhuru wa India yapo maneno IND: IMP: yanayotaja ukaizari wa India, na kuanzia 1948 yameondolewa. Shilingi ya robo iliyochakaa huonyesha pia rangi ya manjano kwenye sehemu zilizoinuka, kwa kuwa weupe wake wa awali ulikuwa wa juujuu. Ya nikeli hubaki na ukijivu uleule hadi mwisho. Malkia Elizabeth II hana shilingi ya Afrika Mashariki, na senti 50 zenye uso wake hazina fedha.

Upande wa kaskazini mashariki, hasa Karamoja, iliingia pia reale kubwa ya Maria Theresa, pamoja na misafara ya pembe za ndovu kutoka Uhabeshi. Mwaka wake daima ni 1780, mwaka aliofariki malkia huyo wa Austria, lakini imeendelea kupigwa kwa mwaka uleule katika viwanda vya Vienna, London, Paris, Roma, Bombay na kwingineko hadi karne ya 20. Kwa hiyo mwaka huo usikufanye uote utajiri; iliyo nyingi ni ya thamani ya madini na ziada kidogo. Chini ya mabega yake zipo herufi S.F., na ukingoni yamezunguka maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA pamoja na mapambo. Ukingo uliokosa maandishi hayo ni dalili ya kughushi.

Sarafu za kawaida za Uganda huru, zilizoanza kutolewa baada ya Benki Kuu kufunguliwa mwaka 1966, hazina fedha. Mbali nazo ziko zile zilizotolewa kwa kumbukumbu ya ziara ya Papa Paul VI ya mwaka 1969, ambazo baadhi yake ni za fedha safi ya 999, na hizo hukaa katika visanduku, si katika makopo.

Hatua ya nne: pima

Sasa weka sarafu juu ya mizani, ulinganishe na vipimo hivi. Tarakimu ya kwanza ni uzito wa sarafu ilipokuwa mpya, ya pili ni kiwango chake, na ya tatu ni fedha halisi iliyomo.

Reale ya Maria Theresa: gramu 28.07, 833, gramu 23.39.
Rupia ya India ya kabla ya 1940, ya Mombasa 1888, na ya Wajerumani: gramu 11.66, 917, gramu 10.69.
Rupia ya India ya 1940 hadi 1945: gramu 11.66, 500, gramu 5.83.
Florini ya 1920: gramu 11.66, 500, gramu 5.83.
Senti 50 za 1906 hadi 1919: gramu 5.83, 800, gramu 4.67.
Senti 25 za 1906 hadi 1918: gramu 2.92, 800, gramu 2.33.
Shilingi ya 1921 hadi 1946: gramu 7.78, 250, gramu 1.94.
Senti 50 za kuanzia 1921 hadi miaka ya vita vya pili: gramu 3.89, 250, gramu 0.97.

Mtego mkubwa umo katika senti 50 za mwaka 1920. Uzito wake ni gramu 5.83, sawasawa na zile za 1906, lakini kiwango chake ni 500 tu. Mizani haiwezi kukuonya hapo. Maandishi ndiyo yatakayokuonya, kwa maana ya 1920 imeandikwa EAST AFRICA peke yake, bila jina la Uganda.

Sarafu iliyotumika hupungua. Rupia yenye gramu 11.4 ni ya kawaida kabisa, yenye gramu 10.5 ina maswali ya kujibu, na yenye gramu 12 ina maswali zaidi, kwa sababu sarafu hupoteza uzito lakini haiongezeki. Tundu au kishikizo kilichoyeyushiwa juu yake, kama ilivyo kwa zile zilizofanywa mikufu, hubadilisha uzito pia.

Ukitaka uthibitisho wa madini yenyewe, tumia maji. Weka kikombe chenye maji juu ya mizani, urudishe tarakimu kwenye sifuri, kisha uifunge sarafu kwa uzi na uizamishe yote bila kuiacha iguse chini wala kando. Tarakimu itakayoonekana ndiyo uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa sarafu kwa tarakimu hiyo. Rupia moja ya kopo lile ilikuwa na gramu 11.60, maji yakasoma 1.12, na jibu likawa karibu 10.36, ambalo ni sawa kwa kiwango cha 917. Sarafu ya nusu fedha hutoa karibu 9.7, na ya shaba na nikeli hutoa karibu 8.9. Kwa shilingi ya robo tofauti ni ndogo mno kiasi kwamba mkono ukitetemeka hupotea, kwa hiyo hapo tegemea mwaka.

Sumaku ina kazi moja: kukataa. Kitu kinachoshikwa si fedha, lakini kisichoshikwa bado hakijathibitishwa, kwa kuwa shaba na risasi hazishikwi pia. Kuhusu tindikali, mtu akitaka kudondoshea sarafu yako, mzuie. Ikiwa shaka imebaki, wapo wafanyabiashara wa madini Kampala wenye mashine ya eksirei inayosoma kiwango bila kuacha doa.

Hatua ya tano: hesabu ya madini

Bei ya fedha duniani hutajwa kwa dola kwa aunsi ya madini, ambayo ni gramu 31.1. Chukua bei ya siku hiyo, igawanye kwa 31.1, uibadilishe kwa shilingi za Uganda, kisha uizidishe kwa gramu za fedha halisi. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba gramu moja ni shilingi 4,000. Rupia nzuri ingekuwa na madini ya takriban shilingi 42,800, senti 50 za 1906 takriban 18,700, na shilingi ya simba takriban 7,800.

Hiyo si bei utakayopewa. Sonara hukata gharama yake na faida yake, na kwa sarafu za robo hukata zaidi, kwa sababu ili apate gramu mbili za fedha hulazimika kuyeyusha na kutenga karibu gramu sita za metali nyingine. Wengine hawazitaki kabisa, na katika jambo hili siwalaumu.

Hatua ya sita: hali na uhaba

Thamani ya madini ni sakafu. Juu yake huja uhaba na hali. Kwa hali, tazama sehemu zilizoinuka kwanza: nywele juu ya sikio la mtawala, vito vya taji, manyoya ya shingo ya simba. Ikiwa nywele zinahesabika uzi kwa uzi, sarafu imetumika kidogo. Ikiwa kichwa kimebaki kivuli laini lakini maandishi yanasomeka, ni ya hali ya wastani. Ikiwa mwaka hausomeki, iweke katika fungu la madini isipokuwa aina yake yenyewe ni adimu, kama ile ya Mombasa. Tofauti ya bei kati ya ngazi hizi inaweza kuwa mara kadhaa, na ndiyo sababu ya kukukataza kusugua.

Kwa uhaba, mwaka na herufi ya kiwanda huenda pamoja. Shilingi ya 1924 ilipigwa kwa mamilioni mengi, ya 1923 ilikuwa chache zaidi. Mtu anayeziuza pamoja kwa kilo anaizika ya pili ndani ya ya kwanza. Kwa bei, tafuta minada ya mtandaoni na usome zile zilizokwisha kuuzwa, si zile zinazoombwa, maana kuomba hakuna mwenyewe. Utaona pia watu wakiomba mamilioni kwa senti 10 zenye tundu za mwaka 1936 kwa sababu zina jina la Edward VIII, mfalme ambaye hakutawala hata mwaka mmoja. Ni historia nzuri, lakini ni shaba, na zilipigwa nyingi.

Hatua ya saba: kuuza, au kutouza

Usipeleke kopo lote. Peleka sarafu mbili au tatu ambazo tayari umezisoma na kuzipima, uwaulize wanunuzi wasiopungua wawili siku moja, na usikubali sarafu iondoke mbele ya macho yako “kwenda kupimwa nyuma”. Mizani iwe mezani, mahali unapoisoma. Andikeni hati yenye tarehe, aina, mwaka, uzito na bei, na kila mmoja abaki na nakala. Mtu akikuambia kwamba rupia yako inavuta mchele, au kwamba ndani yake mna zebaki nyekundu ya kununuliwa na Wazungu kwa mabilioni, na kwamba kinachotakiwa ni ada ndogo ya kuipima kwanza, mkaribishe chai kisha umsindikize mpaka barabarani.

Sarafu iliyorithiwa ni mali ya familia, lakini iliyofukuliwa ardhini ni jambo jingine. Ukikuta chungu cha sarafu ulipokuwa ukichimba msingi au choo, acha mengine yalivyokaa, piga picha, na utoe taarifa kwa wahusika wa mambo ya kale walio chini ya wizara ya utalii, wanyamapori na mambo ya kale. Jumba la Makumbusho la Uganda, lililo barabara ya Kira, Kampala, ni mahali pa kuanzia. Kabla ya kutoa sarafu za kale nje ya nchi, uliza hapohapo kuhusu kibali.

Zile utakazobaki nazo zisirudi ndani ya kopo, wala zisikae katika kavera, kwa kuwa plastiki laini za aina fulani hutoa unyevunyevu wa kijani unaoharibu sarafu. Bahasha ndogo za karatasi, sarafu moja katika kila bahasha, na mahali pakavu, vinatosha. Juu ya bahasha andika aina, mwaka, uzito, na ilikotoka, kwa kalamu ya risasi na kabla hujaitia sarafu ndani. Shangazi ameuza zile shilingi sita za robo, na zile nane zisizo na fedha wamechezea watoto. Visarafu vitatu viko katika bahasha tatu, na rupia ya 1911 katika ya nne. Aliniamuru niandike juu yake jina la mama yake, tarehe ya kopo kufunguliwa, na neno “tembo”.